Mkono wa kulia ulipogoma: miaka 17 ya kuchora vibonzo, na kazi ninayoifanya sasa kwa kushoto

Wino Mzito (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Juzi kuna mtu aliuliza kwenye uzi mwingine, "Hivi yule mzee wa pembeni kwenye ukurasa wa sita alipotelea wapi?" Kila mtu akajibu lake. Mmoja akaandika kwamba mchoraji alishafariki, mwingine akaweka pole. Nikasoma tanzia yangu nikiwa nimejilaza, nikaona bora nije mwenyewe.

Sijafa. Niliacha gazeti, au gazeti liliniacha mimi, tutafika huko. Nitashusha kwa vipande kwa sababu nachapa kwa mkono mmoja.

Tuanze mwanzo. Mimi sikuajiriwa kuchora. Nilikuwa mpangaji wa kurasa, yule anayekaa mbele ya kompyuta anasukuma habari na picha mpaka zikae. Jioni moja mchoraji wetu hakuleta kazi, na simu hapokei. Ukurasa una tundu la safu mbili na mtambo unasubiri. Mhariri akasema tia tangazo lolote. Tangazo la ukubwa ule hatukuwa nalo. Nikachukua kalamu ya wino ya kawaida, nikachora kisanduku, na kwenye kona ya chini kulia nikamweka mzee mwenye kofia anachungulia ndani, anashangaa mbona hamna kitu. Basi. Hakuna maneno, hakuna kichwa. Nikaskani, nikaingiza, nikaenda kulala nikijua kesho nafukuzwa.

Kesho yake watu walipiga simu kumuulizia yule mzee. Wengine walishafumbua fumbo zima: kisanduku kitupu ni bunge, kofia ni wananchi. Mimi nilikuwa naziba tundu. Mhariri wala hakunipa hongera, alipita nyuma ya kiti changu akasema, "Leo pia." Ile "leo pia" ikawa miaka 17.

Wasomaji wakambatiza jina Mzee Pembeni, kwa kuwa hakuwahi kutoka kwenye kona yake. Katikati watu wanagombana, wanakumbatiana, wanaibiana. Yeye yuko pembeni anatazama. Hasemi. Siku ikiwa mbaya sana ananyanyua unyusi mmoja. Niligundua mapema kwamba unyusi wa mtu asiyesema unauma kuliko puto la maneno lenye sentensi tatu.

Ngoja nipumzishe mkono.

---

Kobe Mwendo

Siti ya mbele, nimekaa. Mkuu usije ukatuacha njiani kama wale wengine.

---

Nyuki Dume

Kumbe ni wewe! Mimi nilikuwa nafungua ukurasa wa sita kwanza ndipo narudi wa kwanza. Swali: wazo la kila siku lilikuwa linatoka wapi? Mimi nikiambiwa nichekeshe saa kumi jioni nitalia.

---

Wino Mzito

Mkuu Nyuki, wazo halikutoka popote. Lilichimbwa.

Saa nne asubuhi nilikuwa nakunja karatasi mara kadhaa mpaka nipate vyumba sita, kila kimoja kama kiganja cha mtoto. Vyumba vyote sita lazima vijae kabla sijainuka. Cha kwanza na cha pili ni takataka kila siku, kwa sababu ni wazo ambalo kila mchoraji mwenzangu naye analo asubuhi hiyo hiyo: bei imepanda, basi unachora puto linaruka. Cha tatu unaanza kukasirika. Cha nne na cha tano ndipo kitu kinatokea, maana umeishiwa ujanja. Cha sita mara nyingi hakihusu habari ya siku hiyo kabisa, ni mbwa na baiskeli tu.

Vitatu navificha, vitatu nampelekea mhariri. Na yeye alikuwa na kipaji cha ajabu cha kuchagua kile nilichokipeleka ili viwili vingine vionekane vizuri.

Baada ya hapo ni kazi ya mikono. Penseli ya buluu hafifu kwanza. Kamera za zamani za uchapaji hazikuiona ile buluu, kwa hiyo ulikuwa unapitisha wino juu bila kuhangaika kufuta chini. Skana za siku hizi zinaiona, lakini unaiondoa kwa kubonyeza mara moja. Mimi niliendelea nayo kwa mazoea tu. Kisha nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu ya kuchovya. Ukikandamiza, ncha inaachana, mstari unanenepa. Ukilegeza unakonda kama unywele. Kosa unalikwangua kwa wembe mpya, ukiulaza, taratibu, mpaka ngozi ya juu ya karatasi itoke na wino wake. Ukikwangua kwa hasira unatoboa.

Halafu vivuli. Nilipenda vivuli vya mistari midogo inayopishana, mamia kwa mamia, ukutani, kwenye makoti, kwenye mawingu. Watu walisifia sana vile vivuli. Kumbukeni hilo neno vivuli, tutarudi nalo.

---

Mti Mkavu

Samahani mleta uzi, lakini hapa tunakuza mambo. Kibonzo ni utani. Mtu anachora pua ndefu, watu wanacheka, maisha yanaendelea. Tusifanye kana kwamba ni fani kama udaktari.

---

Mzee wa Maktaba

Mti Mkavu, taratibu. Utani haumpeleki mtu jela. Honoré Daumier alimchora mfalme wa Ufaransa, Louis-Philippe, kama jitu lililokaa kitini linamezeshwa mali ya watu kwa ngazi inayoingia mdomoni. Mwaka 1832 akahukumiwa miezi 6. Zunar wa Malaysia alifunguliwa mashtaka 9 ya uchochezi, akakaa miaka kadhaa na kifungo cha hadi miaka 43 kikining'inia kichwani, mpaka mashtaka yalipofutwa 2018. Na Ali Ferzat wa Syria, Agosti 2011, watu waliofunika nyuso walimteka Damascus wakamvunja mikono. Mikono, si pua. Walijua wanachokitafuta. Akiwa bado na majeraha akajichora yuko kitandani, amefungwa bandeji.

Sisi wa zamani tumekua na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye Uhuru, wa upande wa pili wana Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Nenda kawaulize wazee wako wangapi wanakumbuka tahariri ya siku hizo, na wangapi wanamkumbuka Chakubanga.

---

Mti Mkavu

Sawa mzee, nimekuelewa. Nimerudi kiti cha nyuma.

---

Wino Mzito

Asante Mzee wa Maktaba, ingawa umenitia aibu, maana baada ya Ferzat mkasa wangu utaonekana kama mafua. Mimi hakuna aliyenivizia. Nilijivizia mwenyewe.

Lakini kabla ya mkono kulikuja kisanduku.

Nilianza na safu mbili. Mwaka wa tano wakaniambia kuna tangazo la kudumu linaingia, tupungue kidogo. Nikawa safu moja na nusu. Mwaka wa tisa, safu moja. Msidhani ukubwa ni jambo la majivuno. Kwenye safu moja huwezi kuchora umati. Umati unakuwa punje za pilipili manga. Huwezi kuchora chumba, kwa sababu chumba kinahitaji hewa. Unabaki na vichwa viwili vinavyoongea na maputo juu yake, na hapo ndipo maneno yanaanza kumla mchoro. Mzee Pembeni nilimpunguza mpaka akabaki kofia na unyusi. Siku moja mtambo uliweka wino mwingi na unyusi ukaungana na kofia. Wasomaji wakalalamika kwamba siku hizi mzee hana maoni.

---

Mzee wa Maktaba

Vita ya kisanduku ni ya zamani. Bill Watterson, yule wa Calvin and Hobbes, katuni ya mtoto na chui milia wake wa kitambaa, aliipigana waziwazi. Alichukua likizo mbili, moja 1991 na nyingine 1994. Alipotoka kwenye ile ya kwanza, katuni yake ya Jumapili ikaja na sharti: nusu ukurasa, hairuhusiwi kukatwakatwa wala kupangwa upya. Wahariri wakanuna. Wengi waliendelea kuichukua. Tarehe 31 Desemba 1995 akafunga duka mwenyewe, akiwa kileleni.

---

Dada Penseli

Na hakuruhusu sanamu wala fulana za wahusika wake. Kila ukiona kibandiko cha yule mtoto nyuma ya gari, jua ni cha wizi.

Mimi pia nachora, mwaka wa tatu huu, vitabu vya watoto na vibonzo vya mtandaoni. Kaka Wino, nina swali la mkataba. Nimepewa karatasi nisaini, kuna kifungu kinasema "kazi zote na wahusika wake". Nisaini?

---

Wino Mzito

Dada Penseli, usisaini leo. Kaa nayo usiku mmoja, na soma hiki kipande changu kwanza.

Mwaka wa 16 wakabadilisha sura ya gazeti. Nikapata barua pepe ya mistari miwili kutoka kwa mhariri. Wa kwanza unashukuru kwa mchango wangu, wa pili unasema kuanzia toleo la Jumatatu ukurasa wa sita hautakuwa na kibonzo. Miaka yote ile nilikuwa napita kwenye korido naye, mistari miwili tu! Nikabaki mwaka mmoja nikichora ramani na vielelezo vya takwimu, ndiyo maana nasema 17.

Nikajipa moyo: hakuna shida, Mzee Pembeni nitamhamishia mtandaoni, ana watu wake. Nikaweka michoro mitatu. Wiki haikuisha ikaja barua nyingine, hii ndefu na ina vifungu. Nikatafuta mkataba wangu. Nilikuwa nimeusaini nimesimama, juu ya printa, mwaka wa kwanza, kwa furaha. Na pale ndani kimeandikwa wazi: mchoro, jina na mhusika ni mali yao. Hawakunidanganya. Sikusoma.

Nilichora uso wa yule mzee zaidi ya mara elfu nne, na kisheria nilikuwa naazima kofia.

Kwa hiyo Dada, kitu unachouza kinaweza kugawanywa. Unaweza kuuza haki ya kuchapisha mara moja, au kwa muda fulani, au kwa lugha fulani, na mhusika akabaki wako. Karatasi halisi yenye wino ni kitu kimoja, haki ya kuinakili ni kitu kingine. Nayo iandikwe ni ya nani. Wakikataa kabisa kubadilisha neno "wahusika", basi wachoree mhusika ambaye huna mpango naye. Yule unayempenda mfiche.

---

Mzee wa Maktaba

Siegel na Shuster waliuza Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Wote wawili kwa pamoja. Sina la kuongeza.

---

Dada Penseli

Sijasaini. Nimewarudishia na swali. Nawaambieni wakijibu.

---

Jiwe la Kona

Mimi naona mnajisumbua. Akili mnemba siku hizi unaiandikia mstari mmoja, inakupa vibonzo kumi kwa dakika, na vivuli juu. Fani imekwisha hiyo.

---

Wino Mzito

Jiwe, nimejaribu. Niliiandikia inichoree watu sita wamepanga mstari, wa tano amechoka. Ikanipa watu sita wazuri sana, wote wamechoka sawasawa. Sisemi haitaweza kesho. Nasema tu kwamba kazi yote ilikuwa kwenye yule wa tano.

Sasa mkono.

Ilianza usiku. Naamka saa nane, kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, nakung'uta mkono kama mtu anayekausha maji, vinarudi. Nikadhani nimeulalia. Miezi ikapita. Asubuhi nikawa nadondosha vitu vidogo: kifuniko cha wino, sarafu, funguo. Nikaja kugundua nibu inanitoka katikati ya mstari bila mimi kujua. Mkono unadhani umeishika. Na mimi, kwa ujinga, nilivyoona mstari unayumba nikawa naficha myumbo kwa kuongeza vivuli. Vile vile vivuli. Nikachora mistari mingi zaidi kuficha madhara ya kuchora mistari mingi.

---

Daktari wa Zamu

Nisaidie kidogo mleta uzi, maana najua kuna watu hapa wanakung'uta mikono usiku na wanasoma kimya kimya.

Kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, kuna kama handaki jembamba: mifupa chini, utepe mgumu juu. Ndani yake zinapita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva ya kati. Kano zikivimba, neva ndiyo inayobanwa, maana ndiyo laini kuliko vyote mle ndani. Neva hiyo inahudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kina neva yake nyingine. Kwa hiyo ukiona ganzi imeruka kidole cha mwisho, na inakuamsha usiku, nenda hospitali mapema. Mwanzoni kibao cha kunyoosha kiganja wakati wa kulala kinaweza kutosha. Ukichelewa mpaka nyama ya shina la gumba inyauke, hata upasuaji haurudishi kila kitu.

Uchoraji peke yake si lazima uwe sababu. Kisukari, tezi ya shingo, ujauzito navyo huchangia. Msijitibu kwa kusoma uzi.

---

Wino Mzito

Ndivyo ilivyokuwa Daktari, na mimi ni yule aliyechelewa. Nikapasuliwa. Ganzi ya usiku iliisha siku ileile, namshukuru Mungu. Nguvu ya gumba haikurudi yote. Naweza kushika kijiko, naweza kufunga kifungo nikiwa na subira. Nibu siwezi. Mstari unatoka kama umechorwa ndani ya gari linalotembea.

Nilikaa miezi mitano sichori. Sitawapamba: nilikuwa mtu mbaya nyumbani. Nilimfokea mwanangu kwa sababu alikuwa anapaka rangi nje ya mstari. Mtoto wa miaka sita! Akaniuliza, "Kwani mstari ni wa nani?" Nikatoka nje.

---

Nyuki Dume

Hapo nimeishiwa nguvu. "Kwani mstari ni wa nani."

---

Mzee wa Maktaba

Charles Schulz wa Peanuts alipasuliwa moyo 1981, mkono ukaanza kutetemeka. Akachora na mtetemo wake karibu miaka 20 mingine. Ukitazama kazi za mwisho unauona kabisa kwenye mistari ya ardhi na kwenye mabega ya watoto. Katuni 17,897, kuanzia 2 Oktoba 1950. Ya mwisho ilitoka Jumapili 13 Februari 2000, na yeye alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo.

James Thurber naye: jicho moja lilitobolewa kwa mshale wakiwa watoto wanacheza, lililobaki likafifia kidogo kidogo. Akahamia karatasi kubwa na kalamu nene, baadaye chaki nyeupe juu ya karatasi nyeusi.

---

Wino Mzito

Thurber ndiye aliyeniokoa, Mzee, japo si kwa kunipa moyo. Niliangalia mbwa wake, mbwa wenye mistari minne, nikajisemea: huyu hata akiwa mzima hakuwa anajua kuchora! Na bado mbwa anaonekana ana mawazo. Nikakasirika vizuri.

Nikachukua daftari la mwanangu na kalamu nene ya kuandikia maboksi, nikaishika kwa kushoto. Siku ya kwanza nilichora mistari tu, kushoto kwenda kulia, ukurasa mzima. Ilikuwa inapanda yote, kama watu wanaokimbia mafuriko. Mkono wa kulia unavuta kalamu. Wa kushoto, ukienda upande uleule, unaisukuma, na kalamu inayosukumwa inakwaruza na kuruka. Nikajifunza kuanza mistari kutoka kulia. Maduara ndiyo yaliyonishinda, mpaka leo duara langu lina bega. Nilifanya ukurasa mmoja kwa siku, kama dawa, miezi minne. Kwenye ukurasa wa tisini na kitu nilichora mtu amesimama kwa nyuma, begi begani, nikashtuka: amechoka. Sikuwa nimemchosha mimi. Ule mstari wenyewe ulikuwa umechoka.

Kwa mkono wa kulia ningemwekea jasho, macho yaliyolegea, na vivuli mia mbili.

Huyo mtu alihitaji mahali pa kusimama. Nikamwekea mtu mbele yake. Kesho yake nikamwekea mwingine nyuma. Ndiyo ikawa kazi niliyonayo sasa: Foleni. Kila mchoro mtu mmoja, kwenye karatasi yake, na karatasi zikiwekwa pamoja mstari wa chini unaungana. Hakuna puto la maneno hata moja. Hatujui wanasubiri nini. Yupo mwanamke anayewashikia nafasi watu watatu ambao hawajarudi. Yupo kijana anasoma gazeti la mtu wa mbele kwa kuchungulia begani. Yupo aliyekuja na kigoda, na nyuma yake anayekitazama kile kigoda.

Na kabla hamjauliza: mkono wa kulia ulikuwa na mkataba. Wa kushoto haujasaini popote.

---

Wakili Mstaafu

Mleta uzi nimecheka, ila nikusahihishe kabla hujapotosha watu. Haki ya mhusika haifuati mkono. Ukimchora Mzee Pembeni hata kwa mguu, bado ni mali yao.

---

Wino Mzito

Najua Wakili, ndiyo maana hayupo kwenye foleni. Niliacha nafasi moja tu ambapo mtu mmoja anageuka kutazama kona ya chini kulia, na pale hapana kitu. Hiyo nayo ni kosa?

---

Wakili Mstaafu

Hapana. Nafasi tupu ni yako.

---

Swali Moja

Swali moja tu: kwa nini usihamie tableti? Mstari unanyooshwa na programu yenyewe, hata mkono ukitetemeka.

---

Dada Penseli

Naunga mkono swali. Gary Larson aliacha katuni ya kila siku Januari 1995. Baadaye akawa anashika kalamu mara moja kwa mwaka, kuchora kadi ya Krismasi, na kila mwaka anaikuta imeziba. Akachoka kuizibua, akanunua tableti, akanogewa, na Julai 2020 akaweka michoro mipya baada ya miaka 25. Kalamu iliyoziba imemrudisha mtu kazini!

---

Wino Mzito

Ninayo tableti, na sina ugomvi nayo. Kazi za kuniingizia kipato, yaani vielelezo vya vitabu vya shule na mabango, nafanya humo kwa kushoto nikiwa nimewasha kinyooshi. Unakosea, unarudisha, hakuna wembe. Kwa Foleni nilijaribu nikazima. Kinyooshi kikipita, yule mtu anapona uchovu. Kila mtu kwenye mstari anakuwa ametoka kuoga.

Ila wanaochora kwenye karatasi, skani mistari myeusi kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) angalau, na mpige nakala mbili, moja isikae nyumbani. Hili nimelijua kwa maumivu. Vile vichoro vitano kwa siku ambavyo havikuchaguliwa nilikuwa naviweka kwenye maboksi chini ya ngazi, miaka yote ile. Mwaka juzi nilipoyafungua, mchwa walikuwa wamenihariri. Boksi mbili ni vumbi tupu. Zilizobaki nimezipitia moja moja, na huo ndio mradi wa pili: kitabu cha vibonzo vilivyokataliwa. Vile vilivyowahusu watu maarufu nimevitupa karibu vyote, huwezi kucheka bila kupewa maelezo ya ukurasa mzima. Vilivyosimama ni vile vya chumba cha sita. Mbwa na baiskeli, wakuu. Mbwa na baiskeli bado anachekesha.

Tena nilisoma mkataba upya, safari hii nimekaa. Kifungu kinasema kazi "zilizochapishwa". Hizi hazikuchapishwa. Wakili, uko hapo?

---

Wakili Mstaafu

Nipo. Nitumie hicho kifungu kizima faraghani kabla hujapeleka kitu kiwandani. Neno moja linaweza kuwa na mkia. Na kama mzee wako yumo kwenye hivyo vilivyokataliwa, mtoe.

---

Wino Mzito

Nimeshamtoa. Vichoro 212 vimebaki bila yeye.

La tatu si mradi, ni mazoea tu. Mtaalamu wa viungo aliyekuwa akininyoosha mkono aliona daftari langu akaniomba nije Alhamisi moja nikae na wagonjwa wake waliopigwa na kiharusi. Nimekwenda, nikaendelea kwenda. Hatufundishani kuchora. Kila mtu anachora uso wa mwenzake wa mbele kwa mkono ule usiotaka. Kuna mama mmoja alinichora nina macho matatu. Alikosea la kwanza, akaweka jingine, halafu akaona la kwanza halikuwa baya. Mchoro huo nimeubandika ukutani juu ya meza.

---

Mzee wa Maktaba

Unanikumbusha Gado. Mtanzania yule alianza kuchorea Nation kule Nairobi mwaka 1992, akafanya ukurasa kwa miaka mingi, kisha 2009 akaja na The XYZ Show, wanasiasa wamegeuzwa vikaragosi vya mpira kwenye televisheni. Alipoachana na gazeti lile, 2016, mwaka huohuo yeye na Zunar wakapokea tuzo ya Cartooning for Peace Geneva, mkononi mwa Kofi Annan. Watterson naye, ukiacha zile siku tatu za Juni 2014 alizochora kwa siri ndani ya katuni ya Stephan Pastis, alirudi rasmi 2023 na kitabu alichofanya na John Kascht. Hakina chui wala mtoto. Ukikiangalia huwezi kujua ni yeye.

---

Dada Penseli

Wamejibu! Wamekubali kufuta "wahusika", wameweka "michoro iliyoagizwa kwa kitabu hiki". Nimesaini. Nimekaa chini kabisa, nimesoma mara tatu.

---

Wino Mzito

Hongera sana mdogo wangu. Weka nakala mahali ambapo mchwa hawafiki.

---

Kobe Mwendo

Mkuu nimesoma uzi wote bila kunyanyuka. Moja tu linanitesa: huko mwanzo wa foleni kuna nini? Na mtu wa kwanza ni nani?

---

Wino Mzito

Kobe, sijui, na sitaki kujua kabla yao. Nilianza katikati, naongeza pande zote mbili. Leo nimefika wa 64. Huyu amekuja na mwavuli na jua linawaka. Nimeuchora mara saba tangu asubuhi na mbavu zake zinatoka kama mguu wa kuku. Ya nane hii naipeleka hivyohivyo, nikimaliza naipiga picha naiweka hapa.